Nani Ameshika Flashi?

Mwishoni mwa miaka ya 1880, jijini New York, mwanahabari mmoja alipanda ngazi mbovu za jengo la maskini hadi chumba cha juu kabisa, chini ya paa. Ndani aliwakuta watu watano, wanaume kwa wanawake, wote vipofu, wote wakiishi kwa kuombaomba. Alitaka kuwapiga picha. Chumba kilikuwa na giza na kamera za siku hizo hazingeona kitu mle, kwa hivyo akawasha unga wa magnesiamu aliokuja nao. Ukalipuka. Mwanga mweupe ukajaa chumba kizima, picha ikaingia, moshi ukafuata. Macho yake yalipotulia, aliona karatasi na matambara yaliyoning'inia ukutani yanawaka moto. Wale watano hawakujua lolote. Hawakuwa wameuona mwanga, na sasa hawakuuona moto.

Mwanahabari huyo aliitwa Jacob Riis, mhamiaji kutoka Denmark, na kisa hiki alikisimulia mwenyewe katika kitabu chake How the Other Half Lives cha mwaka 1890. Aliuzima moto kwa taabu, akashuka, akamweleza polisi aliyemkuta nje. Polisi akacheka. Alisema jengo lile lilikuwa limeshika moto mara sita msimu wa baridi uliopita na halikuungua, kwa sababu uchafu wa kutani ulikuwa mzito kiasi cha kuuzima moto wenyewe.

Kila nikisoma kisa hiki, nabaki na wale watano. Wanamulikwa na mwanga wasioweza kuuona, kwa ajili ya picha wasiyoweza kuiona, itakayotazamwa na watu ambao hawatawahi kukutana nao. Riis alikuwa na nia njema, na kazi yake ilizaa matunda. Theodore Roosevelt, kabla hajawa rais, alikuwa mmoja wa walioguswa nayo, na mwaka 1896, akiongoza bodi ya polisi ya New York, alifunga malazi machafu ambayo polisi waliwapa watu wasio na makao. Sina kesi na Riis. Lakini taa ilikuwa mkononi mwake peke yake, na waliomulikwa hawakuulizwa iwekwe wapi.

Flashi, kile kitaa ambacho leo kijana anakichomoa kwenye begi pale mbele ya KICC, imepita mikono mingi kabla ya kufika hapo. Historia yake huandikwa kama historia ya mitambo: huyu alivumbua hiki, yule akaboresha kile. Mimi naisoma kama historia ya bei, na ya nani aliyepata nafasi ya kuamua mwanga utokee upande gani.

*

Unga wa Riis ulikuwa kitu kipya. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesiamu na potasiamu klorati pamoja na antimoni salfaidi, wakapata mchanganyiko uliowaka wote kwa mpigo badala ya kuungua polepole. Riis aliisoma habari hiyo gazetini na hakuchelewa. Mwanzoni alitumia kifaa kilichofyatuliwa kama bastola, watu wakawa wanatishika, na nani angewalaumu? Akahamia kwenye kikaango. Aliona kikaango kinafanana zaidi na vitu vya nyumbani. Kwa maelezo yake mwenyewe, vifaa hivyo viliichoma nyumba mara mbili na yeye mara moja, na miwani ndiyo iliyomwokoa asipofuke.

Mwaka 1929, huko huko Ujerumani, zikaingia sokoni balbu za flashi: kioo kilichofungwa, ndani mna karatasi nyembamba ya alumini na oksijeni. Moshi ukaisha, moto ukabaki ndani ya kioo. Shida ikawa moja. Kila balbu ilikufa baada ya picha moja. Unapiga, unangoja ipoe, unaichomoa, unaweka nyingine. Kila ukibonyeza, umetumia pesa.

Ukitaka kuona balbu hizo zilipofika, tafuta picha za O. Winston Link. Kati ya 1955 na 1960 alipiga treni za mwisho za mvuke za kampuni ya Norfolk and Western, nyingi usiku, huko Virginia na majirani zake. Picha yake maarufu ya 1956, Hotshot Eastbound, ina watu ndani ya magari wakitazama filamu kwenye skrini ya nje, na nyuma yao treni inapita ikitoa mvuke mweupe. Ili kuipata alitega zaidi ya balbu 40, akaziunganisha kwa nyaya, zikawaka zote mara moja. Taa hazikuwa kwenye kamera. Zilikuwa zimetawanywa, kila moja mahali pake, na ndiyo maana usiku ule unaonekana una kina. Link aligharamia kazi hiyo mwenyewe, akiwa na biashara ya picha za matangazo. Hebu piga hesabu: balbu 40 na zaidi, nafasi moja tu, treni haingoji mtu. Ni nani mwingine angeimudu?

Jibu la balbu lilikuwa linapikwa tangu 1931 katika chuo cha MIT, ambako Harold Edgerton alitengeneza flashi ya umeme iliyoweza kuwaka tena na tena. Kanuni yake ndiyo iliyo ndani ya flashi ya leo. Betri nne ndogo, zile za rimoti, zinatoa volti 6 hivi. Saketi inazipandisha hadi karibu volti 300 na kuzihifadhi kwenye kapasita, kama vile tangi linavyojazwa maji polepole. Ile sauti nyembamba unayoisikia baada ya picha, ngiiii, ndiyo tangi linajaa. Ukibonyeza, maelfu ya volti yanapigwa kwa nje ya mrija wa kioo wenye gesi ya zenoni, gesi inafungua njia, na tangi lote linamwagika kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde au chini ya hapo. Halafu linajazwa tena. Picha ya pili haikugharimu balbu nyingine.

*

Kabla taa hiyo haijawa rahisi kwa kila mtu, ilikuwa rahisi kwa serikali.

Polaroid walikuwa na kamera iliyoitwa ID-2, ya kupiga picha za vitambulisho. Ilitoa picha papo hapo, na nyuma ilikuwa na kitufe cha kuiongezea flashi nguvu. Afrika Kusini, mitambo na filamu za Polaroid zilitumika kutengenezea vitabu vya pasi, vile ambavyo Mwafrika alilazimika kubeba ili aruhusiwe kuwa mahali fulani katika nchi yake. Ongeza nguvu, uso mweusi uonekane, mtu atambulike, mtu azuiwe. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid huko Massachusetts, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kazi hiyo ya mwajiri wao wakaanzisha kampeni ya kuisusia kampuni. Polaroid ilijitoa Afrika Kusini mwaka 1977. Hapa kwetu, kipande cha mkoloni kilitosheka na alama za vidole, lakini mantiki ilikuwa ile ile: unaonekana ili udhibitiwe.

Miaka hiyo hiyo, upande mwingine wa bara, mtu mmoja alikuwa na flashi na nia tofauti kabisa. Malick Sidibé wa Bamako alianza miaka ya 1950 na kamera ndogo ya Brownie yenye flashi. Wapiga picha wakubwa walikuwa na mitambo mizito na studio. Yeye alikuwa na kitu chepesi, kwa hivyo vijana walimwita kwenye karamu zao. Mali ilipata uhuru mwaka 1960, santuri za twisti na roki zikaingia, na Sidibé alizunguka kutoka karamu moja hadi nyingine usiku huo huo, akarudi studio kusafisha filamu hadi alfajiri. Picha alizibandika nje, watu wakaja kujitafuta na kununua nakala. Ile ya mwaka 1963, Nuit de Noël, ya kijana na msichana wakicheza dansi vichwa vimeinama, imezunguka dunia nzima. Mwaka 2007 Biennale ya Venice ilimpa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake, mpiga picha wa kwanza kuipata.

Linganisha picha hiyo na chumba cha wale vipofu. Mwanga ni wa aina moja: unatoka mbele, mkali, unaganda kila kitu. Tofauti ni kwamba Sidibé alialikwa, na waliopigwa walikuja kuiona picha asubuhi. Kuna jambo moja tu ambalo hata yeye, kwenye karamu zile, hakuwa na nafasi ya kulifanya: kuiweka taa mbali na kamera.

*

Kwa nini jambo hilo ni kubwa? Chukua simu yako, mpige mtu picha usiku na flashi ikiwa imewashwa. Paji la uso linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu. Mashavu yanakuwa bapa. Macho mekundu. Nyuma yake ukuta una kivuli cheusi kinachomfuata kama deni. Hiyo inatokea kwa sababu taa na lenzi ziko mahali pamoja, kwa hivyo kila kivuli ambacho kingeonyesha umbo la uso kinajificha nyuma ya uso wenyewe.

Sasa itoe taa ile ile, iweke upande, juu kidogo ya kichwa, kama jua la saa nne asubuhi. Kivuli cha pua kinaanguka shavuni. Mfupa wa taya unajitokeza. Kwa ngozi nyeusi tofauti ni kubwa zaidi, maana uzuri wa ngozi yetu kwenye picha unatokana sana na jinsi inavyorudisha mwanga: ule mng'ao mrefu wa pembeni ya shavu, wa bega, wa shingo. Ukipiga mwanga wa moja kwa moja unapata doa jeupe katikati ya giza. Ukiupiga kutoka pembeni, kupitia mwavuli mweupe au kwa kuudundisha ukutani, doa linatanuka na kuwa mng'ao, na uso unapata milima na mabonde yake.

Viwanda vya filamu havikutusaidia hapo. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za kuchapisha picha zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu. Wenyewe waliiita Shirley. Rangi yake ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Wewe utajijua. Na hilo si la zamani sana: mwaka 2021 Google bado walikuwa wanatangaza simu yao mpya kwa kusema sasa kamera yake inaionyesha ngozi nyeusi ilivyo.

Kuna hesabu mbili ambazo kila mshika flashi anazijua, hata kama hakuzisoma darasani. Ya kwanza: ukiongeza umbali kati ya taa na mtu mara mbili, mwanga unaomfikia unabaki robo. Kwa hivyo kusogea hatua mbili ni uamuzi mzito. Ya pili: flashi inawaka muda mfupi mno, basi kasi ya shata haiigusi sana, mradi usivuke ile kasi ambayo kamera inaweza kwenda sambamba na flashi, mara nyingi 1/200 au 1/250. Shata inatawala mwanga uliopo tayari, wa taa za barabarani au wa machweo. Tundu la lenzi na nguvu ya flashi vinamtawala mtu wako. Maana yake, kwa kitaa kimoja unaweza kuchagua anga liwe la samawati nzito au jeusi tii, huku uso wa mtu ukibaki vile vile. Mtu mwenye hesabu hizo mbili kichwani ana studio.

Na studio tulikuwa nazo. Pale Mombasa, N. V. Parekh aliwapiga watu picha kwa miongo, wakija wamevaa vizuri, wakipangwa mbele ya taa zake. Lakini studio ilikuwa mahali. Uliifuata, ulilipa, uliondoka. Kilichokosekana ni studio inayoweza kupanda matatu.

*

Hiyo ilikuja kwa njia ya mzunguko. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Kimarekani, Vivitar, ilileta sokoni flashi iliyoitwa 283, iliyotengenezwa Japani. Ilikuwa nzito, haina urembo, na ilikuwa imara. Pale mbele ilikuwa na jicho dogo lililopima mwanga unaorudi na kuizima flashi ukitosha. Jicho hilo liliweza kuchomolewa, likaunganishwa kwa waya na kukaa juu ya kamera, huku flashi yenyewe ikiwa imeshikwa mbali. Mafundi wa nyumbani wakagundua kwamba ukichomoa jicho na kuweka mahali pake kidude cha kupunguza na kuongeza umeme, unaipangia flashi nguvu mwenyewe. Jua kali kabisa, ila ya California. Vivitar za zamani zilikuwa na tabia moja mbaya: volti za juu sana kwenye kigusio chake, zinazoweza kuunguza saketi ya kamera ya dijitali ya leo. Ukipewa moja na mjomba, ipime kwanza.

Kwa miaka 30 maarifa haya yalikaa kwa wapiga picha wa magazeti na wasaidizi wao. Ulijifunza kwa kumbebea mtu stendi. Halafu mwaka 2006 David Hobby, mpiga picha wa gazeti la Baltimore Sun, akafungua tovuti aliyoiita Strobist na kuanza kumwaga yote bure. Hoja yake ilikuwa rahisi. Huhitaji taa kubwa za studio zenye kamba za umeme. Chukua flashi ndogo kuukuu, kwa mfano Nikon SB-26 ya miaka ya 1990, ambayo ina jicho la kuifyatua ikiona flashi nyingine imewaka. Nunua stendi, mwavuli, na njia ya kuifyatua ukiwa mbali. Ukitaka mwanga mwembamba, kata boksi la nafaka za asubuhi, hapa tungesema la Weetabix, ulizungushe kwenye mdomo wa flashi. Ukitaka mwembamba zaidi, panga mirija ya soda ndani ya boksi. Mfululizo wake wa kwanza wa masomo aliuita Lighting 101, kama kozi ya mwaka wa kwanza, na watu duniani kote waliusoma hivyo: wakafanya zoezi, wakapakia picha, wakasahihishana. Mwaka 2008 aliondoka gazetini, na Strobist aliiandika hadi 2021.

Mimi niliacha chuo kikuu, kwa hivyo nina upendeleo wa wazi kwa shule zisizo na geti. Hata hivyo nitasema hivi: maarifa ya bure yalikuwa na sharti la siri. Ilikubidi ujue Kiingereza, uwe na intaneti, na uwe na flashi. Mwaka 2008 flashi mpya ya juu ya Nikon au Canon ilikuwa karibu dola 500, moja tu, kabla hujanunua redio za kuifyatua.

Sharti la tatu lilivunjwa Shenzhen. Mji huo wa kusini mwa China, uliofanywa eneo maalum la kiuchumi mwaka 1980, ulikuwa na kila kipande kinachohitajika kutengeneza flashi, umbali wa safari fupi kutoka kiwanda hadi kiwanda. Mwaka 2010 kampuni ya Yongnuo ilitoa YN560. Umbo lake lilifanana na la Canon ya dola mia kadhaa. Bei yake ilikuwa chini ya dola 100. Haikuwa na akili yoyote: haipimi mwanga, haizungumzi na kamera, unaiambia nguvu na yenyewe inawaka. Watu wa Strobist walikuwa wameshajifunza kutohitaji hiyo akili. Miaka michache baadaye Yongnuo waliingiza kipokezi cha redio ndani ya flashi yenyewe, na Godox, kampuni nyingine ya Shenzhen iliyoanzishwa 1993, ikajenga familia nzima ya taa zinazosikilizana kwa redio moja.

Zilikuwa na sifa ya kufa ghafla, hasa zile za mwanzo. Ndiyo maana waliozipenda walinunua mbili. Na bei hiyo ya chini haikushuka kutoka mbinguni; viwanda vya Shenzhen viliendeshwa na mamilioni ya vijana waliotoka mashambani China kuja kulala kwenye mabweni ya kiwanda na kufanya zamu ndefu. Nikiona flashi nafuu nakumbuka kuna mkono wa tatu kwenye hadithi hii, ambao haushiki taa wala haupigwi picha.

*

Nairobi flashi hizo zilifika kama vitu vyote vinavyofika: kwenye maboksi, madukani Luthuli na Moi Avenue, na mikononi mwa mtu anayejuana na mtu anayesafiri. Leo unapata flashi na triga yake kwa bei ya simu ya kawaida. Masomo nayo yamebadilisha lugha njiani. Sijawahi kumsikia mtu hapa akitaja kanuni ya umbali kwa jina lake la fizikia. Nimesikia "leta karibu, inakufa huko."

Nimesikia hivyo kwa sababu kuandika peke yake hakulipi kodi ya nyumba, na wikendi nyingi nimekuwa mshika taa wa rafiki yangu anayepiga harusi na ruracio. Kazi yangu ni kuwa stendi yenye miguu. Stendi ya chuma inaangushwa na upepo na watoto. Mimi naweza kukwepa shangazi anayecheza.

"Buda, panda kidogo," ananiambia. "Hapo. Geuza taa kwake, si kwangu."

Sherehe zetu ni mtihani mgumu kwa mwanga. Hema limefunikwa kwa vitambaa vya zambarau na dhahabu. Ukidundisha flashi juu, mwanga unarudi na rangi ya kitambaa, na bibi harusi anageuka zambarau. Nje jua la saa saba linachimba mashimo meusi chini ya nyusi za kila mtu. Jioni umeme unapotea, jenereta inawaka, taa za dijei zinapiga kijani. Katika hali zote hizo, flashi moja iliyoshikwa pembeni, imefunikwa na mwavuli mweupe, inampa mtu uso wake. Nimeona mama wa miaka sabini na kitu akionyeshwa picha yake kwenye kioo cha kamera. Aliitazama kimya. Kisha akasema, "Sasa huyu ndiye mimi," akaomba apigwe tena, safari hii akiwa na dada yake. Akamwambia dada asimame upande wangu, upande wa taa.

Rafiki yangu hana mapenzi ya kizamani na flashi. Anasema siku zake zinahesabika: simu inapiga gizani bila taa yoyote, na wateja wa video wanataka zile taa za LED zinazowaka muda wote. Anaweza kuwa sahihi kuhusu soko. Nina wasiwasi na jambo jingine. Simu inapopiga gizani, inaunganisha picha kadhaa na kuamua yenyewe ngozi yangu iwe na weupe kiasi gani, kivuli kipi kiondolewe, usiku ule uwe mchana kiasi gani. Uamuzi umerudi kwa mtu nisiyemjua, kama enzi ya Shirley, ila sasa yumo ndani ya programu na hata kadi yake sioni. Hata ikinipendelea, sikuulizwa. Flashi ya bei nafuu, kwa sababu haina akili, inamlazimisha mtu aliye pale pale aamue: huku au kule, karibu au mbali, kali au laini. Na anayepigwa anamwona akiamua. Anaweza kusema hapana.

Sidhani kifaa kinamfanya mtu awe na heshima. Kuna watu wamezunguka mitaa yetu na flashi nzuri kuliko ya rafiki yangu, wakapiga watoto pua zikitiririka kwa ajili ya kalenda za mbali, na hakuna aliyerudi kuwaonyesha wenyewe. Taa imeshuka bei. Tabia ya Riis haijashuka. Ila bei imefanya jambo moja ambalo nia njema haikuweza kufanya kwa zaidi ya miaka mia: imemweka mshika taa na mwenye uso mtaa mmoja, wanaongea lugha moja, na wote wawili watapatikana kesho.

Ukipita Kenyatta Avenue jioni, utawaona vijana wanaopiga wapita njia picha kwa shilingi chache. Usiangalie kamera. Angalia taa imewekwa wapi, na imeshikwa na nani. Kisha subiri picha ipigwe, uone kinachofuata: dada aliyepigwa anamsogelea mpiga picha, wanainamia kile kioo kidogo pamoja, anatikisa kichwa, anasema hiyo hapana, anarudi pale alipokuwa amesimama. Mwenye flashi anasogea hatua moja kushoto.